Maswali ya Karakana: Grenda yenye cheche, patasi isiyoshika makali na maji ya kompresa

Grenda yangu ndogo ya milimita 115 inatoa cheche nyingi kwenye matundu ya kupitishia hewa. Siku nyingine inagoma mpaka niigonge ubavuni ndipo inawaka. Nimeambiwa mota imekufa. Ni kweli?
*Mchomeleaji wa milango na madirisha*

Ndugu mchomeleaji, usiitupe bado. Mashine inayoamka kwa kugongwa mara nyingi ina tatizo la kaboni, si la mota. Kaboni ni yale makaa mawili yanayosukumwa na springi yakaegemea komyuteta, ngoma ya shaba iliyogawanyika vipande vipande nyuma ya amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka. Makaa yametengenezwa yalike ili shaba isilike. Yakishakuwa mafupi, springi haiyabani tena sawasawa, umeme unaruka badala ya kupita, na hizo ndizo cheche unazoziona. Ukizidi kuitumia hivyo, cheche zinachimba shaba, na hapo mota itakufa kweli.

Chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi hakutoshi. Fungua vifuniko viwili vya ubavuni, au kifuniko cha nyuma kama grenda yako haina vya ubavuni. Kabla ya kuvuta kaboni, tazama imekaa upande gani, kwa sababu uso wake umelika kwa kufuata mviringo wa ngoma. Ikibaki na urefu wa milimita 5 au 6, au imefika kwenye mstari wa alama, badilisha. Badilisha zote mbili hata kama moja bado ni ndefu. Ukichanganya mpya na kuukuu, zitabana kwa nguvu tofauti na kulika ovyo.

Hapa wengi wanakosea: wananunua kaboni iliyo nene kidogo na kuisukumiza kwa nguvu. Kaboni lazima iteleze yenyewe ndani ya nyumba yake. Ikikwama, springi haitaweza kuisogeza inapolika, na baada ya siku chache utarudi kwenye kugonga mashine. Ipunguze taratibu kwa kuisugua juu ya msasa laini uliolazwa mahali tambarare, kisha ifute vumbi. Ukishafunga, iache grenda izunguke bila mzigo kama dakika 10 ili kaboni ipate umbo la ngoma. Cheche chache za buluu wakati huo zisikutishe.

Kama cheche zinazunguka ngoma nzima kama pete ya moto hata baada ya kuweka kaboni mpya, basi amecha ina shoti au vipande vya shaba vimeungua. Hiyo ni kazi ya fundi wa kusuka mota.

Kinachoua grenda za wachomeleaji mapema ni vumbi la chuma linalovutwa na feni. Linapitisha umeme, linakwaruza waya na kuingia kwenye beringi. Mwisho wa kila siku ya kazi, vaa miwani, pulizia hewa kavu kwenye matundu, na usiilaze grenda chini palipojaa vumbi hilo ikiwa bado inazunguka.

Nina boksi la mawe ya kukatia lililokaa stoo kwa miaka mingi. Yanaonekana mapya. Naweza kuyatumia?
*Fundi chuma*

Soma ile pete ya bati iliyo katikati ya jiwe. Imegongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, kwa kawaida miaka 3 tangu kutengenezwa. Mawe haya yameshikwa kwa gundi ya rezini, na rezini hulegea kwa unyevu na umri hata kama jiwe halijaguswa. Macho hayawezi kuona ulegevu huo. Tarehe ikipita, yavunje kabisa na kuyatupa, asije mwingine akayaokota.

Kwa mawe mapya, yahifadhi mahali pakavu. Yale membamba yalaze juu ya kitu tambarare. Yakisimamishwa ukutani yanapinda. Jiwe la kukatia lisitumike kusagia kwa ubavu, maana halikuimarishwa upande huo. Kila unapofunga jiwe, liache lizunguke karibu dakika 1 likielekea mbali na watu kabla halijagusa chuma.

Na kuna kosa moja tunaloliogopa kuliko yote: kutoa kinga, kile kifuniko kinacholizunguka jiwe, ili kufunga jiwe la milimita 230 kwenye grenda ndogo. Jiwe hilo limepimwa kwa mizunguko 6,600 kwa dakika, yaani ukingo wake ukimbie mita 80 kwa sekunde. Kwenye grenda ya mizunguko 11,000, ukingo huo unakimbia mita 132 kwa sekunde. Jiwe linapasuka, na kinga uliyoitoa ndiyo ingesimama kati ya vipande na uso wako.

Nanoa patasi kwenye grenda ya mezani kila asubuhi, lakini kufika mchana haikati tena. Je, chuma chake ni kibaya?
*Seremala*

Tazama ncha: ikiwa ina rangi ya buluu, umeiunguza. Chuma cha patasi za kawaida huanza kupoteza ugumu kikipita joto la nyuzi 200 na kitu, na buluu hujitokeza kwenye nyuzi 300 hivi. Ukishaiona, sehemu hiyo imekuwa laini. Kuipoza kwa maji hakurudishi kitu. Isage taratibu mpaka buluu yote iishe.

Kuanzia sasa shika patasi mikono mitupu, kidole kikiwa karibu na ncha. Kidole kikianza kuhisi joto, chovya kwenye maji. Acha mwanya usiozidi milimita 3 kati ya jiwe na kiegemeo unapolaza patasi, na uupunguze tena kila jiwe linapolika, ili patasi isimezwe na kulipasua jiwe. (Keekee za chuma cha kasi ya juu ni habari nyingine. Zinavumilia joto kubwa zaidi, ila zikiwa moto sana na kuchovywa ghafla zinaweza kupata nyufa.)

Hata hivyo grenda haihitajiki kila asubuhi. Itumie kutengeneza mteremko wa nyuzi 25, kisha makali yenyewe yanolewe kwenye jiwe la maji kwa nyuzi 30. Anza na jiwe la namba 1000 mpaka usikie kwa kidole unyuzi wa chuma umejikunja upande wa mgongo, kuanzia pembe hadi pembe. Unyuzi usipofika pembe zote mbili, hujamaliza. Hamia jiwe laini zaidi, kisha laza mgongo bapa kabisa juu ya jiwe na uuondoe unyuzi huo. Usiinue mgongo hata kidogo: ukishauviringisha, patasi haitakata wima tena. Jiwe nalo hulika na kuwa na bonde katikati, nalo linapinda makali. Lichore mistari ya penseli na ulisugue juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo kinene mpaka mistari yote ifutike.

Bunduki ya rangi inatema maji ya kahawia na rangi inatoka na malengelenge. Nimebadilisha rangi mara mbili.
*Mpiga rangi*

Rangi haina kosa, maji yanatoka kwenye tangi la kompresa. Hewa ikibanwa na kupoa haiwezi tena kubeba mvuke wake wote, hivyo unageuka maji na kutulia chini. Ukahawia ni kutu ya tangi lenyewe, na hilo ndilo la kuhofia zaidi. Kila jioni zima kompresa, punguza presha ibaki kidogo, fungua koki ya chini taratibu mpaka itoke hewa tupu, na uiache wazi hadi asubuhi. Weka kichujio cha maji karibu na bunduki, si karibu na kompresa, kwa sababu hewa huendelea kupoa ndani ya mpira wa kupitishia hewa.

Tazama pia oili ya pampu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingiwa na maji, ibadilishe. Na kama tangi linavuja kwa kutu, usilichomelee. Bati limekuwa jembamba eneo zima, si kwenye tundu hilo tu, na likipasuka na presha ndani linaua. Tangi hilo limekwisha.

Betri za drili zikikaa bila kazi mwezi mzima, nizijaze kabisa?
*Fundi umeme*

Hapana. Betri za lithiamu ziache karibu na nusu, zitoe kwenye drili na chaja, uziweke mahali pa baridi na pakavu. Na ikitoka kazini ikiwa moto, isubiri ipoe kabla ya kuichaji.