Kutwa Mara Tatu: Majibu kwa Wanaotaka Kusomea Famasia

Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, maswali yanayonifikia ni ya jambo moja: famasia. Wengine wanauliza kwa ajili yao, wengine kwa ajili ya watoto wao. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, mwanzo Pemba kisha Unguja, na naipenda. Nimechagua maswali saba yanayobeba mengi ya mengine.

Binti yangu anataka kusomea ufamasia. Mimi naona ni kuuza dawa tu. Kweli asome miaka minne ya chuo kikuu aje akae dukani? (Mzazi, Mwanakwerekwe)

Mzee wangu, shikamoo. Sikulaumu, maana sote tunachokiona ni dirisha: unatoa cheti chako, mkono unatokea na vidonge, unaondoka. Yaliyopita katikati huyaoni.

Kuna bibi mmoja kaskazini ya Pemba aliandikiwa kidonge kimoja mara tatu. Kwenye bahasha iliandikwa 1×3, kama tulivyozoea. Yeye akawa anameza vitatu kwa pamoja kila alfajiri, amalize jambo lake awahi konde. Aliporudi akilalamika tumbo, hakuna aliyejua sababu mpaka tulipomwambia atuonyeshe anavyokunywa. Dawa ilikuwa sahihi, daktari alikuwa sahihi, bibi mwenyewe alitii alichokielewa. Lililokosekana ni mtu wa kumwambia: "Bibi, kutwa mara tatu maana yake asubuhi, mchana na usiku, kila baada ya saa nane," kisha amwambie naye arudie kwa kauli yake.

Mfamasia ndiye mtu wa mwisho kuiona dawa kabla haijaingia mwilini mwa mgonjwa. Akipitiwa yeye, nyuma yake hakuna mwingine.

Tena angalia Ramadhani. Mgonjwa wa sukari kazoea kumeza kidonge asubuhi na jioni. Anafunga bila kumwambia mtu, anameza kile cha asubuhi wakati wa daku, kisha hali kitu hadi magharibi. Ziko dawa za sukari, kama glibenklamaidi, zinazoisukuma kongosho itoe insulini hata kama tumboni hamna chakula. Sukari inashuka, mtu anaanguka njiani au kazini. Metfomini, dawa nyingine ya sukari, ikitumika peke yake haina hatari kubwa namna hiyo. Sasa nani amuulize mgonjwa yule, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, "Mwaka huu unafunga?" na akishajibiwa ampigie daktari wake wazungumze? Hiyo ndiyo kazi ya binti yako. Miaka minne haitoshi hata, ndiyo maana baada ya shahada huongezwa mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo hospitalini chini ya wakubwa kabla ya kuruhusiwa kusimama peke yake.

Nimepata C ya kemia, C ya biolojia, D ya fizikia, lakini hisabati nimefeli. Ndoto imekufa? (Kidato cha nne, Wete)

Haijafa, mwanangu. Ila nikueleze njia zilivyo, kwa sababu wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kidato cha tano na sita kwa mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, kisha shahada ya famasia ya miaka minne. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanachukua CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, wakidhani jiografia ni nafuu kuliko fizikia, halafu wanafika mlangoni mwa chuo kikuu wanakuta famasia inataka fizikia. Shahada hii inatolewa Muhimbili, ambako skuli ya famasia ilianza mwaka 1974, na pia Bugando kule Mwanza na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma. Sifa za kila chuo zinatoka kila mwaka katika mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Usome mwenyewe, usisimuliwe na jirani.

Njia ya pili ni stashahada ya miaka mitatu, na wewe kwa matokeo yako naona ndiyo mlango wako. Sharti lake la msingi ni kufaulu masomo manne yasiyokuwa ya dini, kemia na biolojia zikiwemo, basi hakikisha unalo la nne zaidi ya hayo matatu uliyonitajia. Hapa kwetu inafundishwa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kampasi ya Mbweni. Ukimaliza unakuwa mteknolojia dawa, na ukifanya vizuri unaweza kuendelea na shahada. Lakini chuo kikuu kitayarudia matokeo yako ya kidato cha nne, kitatazama fizikia, kitatazama na hisabati. Kwa hiyo jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, urudie hisabati mapema, kabla hujazama kwenye masomo ya stashahada.

Wala usiione hisabati hiyo kama kikwazo cha karatasi tu. Anakuja mama na mtoto wa kilo 12 mwenye homa. Parasetamoli ya mtoto huhesabiwa kwa uzito; tuseme miligramu 15 kwa kila kilo. Mara 12, ni miligramu 180. Dawa ya maji iliyopo kabatini ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Basi mtoto anahitaji mililita 7.5 kwa mara moja. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba, lakini utaifanya saa nane ya usiku, mtoto analia, na nyuma ya mama kuna watu ishirini. Tena mama atakwambia atapima kwa kijiko cha nyumbani, na vijiko vya nyumbani havilingani. Kijiko cha dawa ni mililita 5, chako cha chai kinaweza kupungua au kuzidi. Mpe kipimo, mwonyeshe mstari.

Mimi mwenyewe nikiwa katika mafunzo, hospitali nisiyoitaja, nilisoma .5 kama 5 kwa sababu nukta ilikuwa hafifu. Mkuu wangu wa zamu aliuzuia mkono wangu kabla chupa haijatoka dirishani. Mara kumi ya kipimo! Tangu siku ile siandiki nukta bila sifuri mbele yake, wala siandiki 5.0 pale ambapo 5 inatosha. Mgonjwa yule hakupata kujua, mimi sijasahau.

Nauza duka la dawa Chake Chake mwaka wa nne sasa, sina cheti. Wateja wananiita daktari na dawa zote nazijua. Uzoefu huu unahesabika chuoni?

Ndugu yangu, nakuheshimu, maana najua ulivyoingia: ulihitaji kazi, mwenye duka akahitaji mtu. Lakini nitakwambia ukweli wote. Chuoni hauhesabiki. Utaanza ngazi ya nne, yaani mwaka wa kwanza wa stashahada, kama wenzako waliotoka skuli juzi.

Unasema dawa zote unazijua. Unazijua kwa rangi ya boksi na mahali pa rafu. Klopromazini na klopropamaidi ni majina yanayoanza sawa kabisa. Moja ni ya maradhi ya akili, nyingine ni ya zamani ya kushusha sukari. Mkono uliozoea rafu haujui tofauti hiyo siku rafu itakapopangwa upya. Na mteja anapokuja na shilingi chache akaomba amoksilini nne za kifua, ukampa, umemuuzia robo ya tiba: vijidudu dhaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki na kuzaana, na siku atakapoumwa kweli dawa ile itamkatalia. Haya hayawi kesho tu, yanatokea sasa, katika mitaa yetu.

Biashara ya dawa Zanzibar inasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, chini ya sheria ya mwaka 2006. Kukaa pale bila sifa ni kuiweka leseni ya tajiri wako hatarini, na wewe mwenyewe pia. Kwa hivyo zungumza naye. Mwambie unataka kusoma, umuombe akusubiri au akusaidie sehemu ya ada, kisha urudi ukiwa na cheti. Nimeona matajiri wakikubali, kwa sababu mtu mwaminifu aliyesoma ni adimu. Na leo hii, mteja akikuita daktari, msahihishe.

Jambo moja unalo ambalo wenzako darasani hawatakuwa nalo: umeshawaona watu. Unajua anayeona haya kutaja maradhi yake mbele ya foleni, unajua anayesema "nipe ile nyekundu ya siku zile." Hilo litakufaa sana.

Vidonge vingine vina jelatini, na dawa za maji nyingine zina alkoholi. Mimi ni Muislamu. Nitafanyaje kazi hii? (Msichana, Mkoani)

Swali zuri, na wagonjwa wako watakuuliza hilo hilo. Hukumu ya kisheria waulize masheikh unaowaamini. Mimi nitakwambia yaliyo upande wa dawa. Ganda la kapsuli kwa kawaida ni jelatini, na jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Ziko pia kapsuli za mimea. Alkoholi hutumika katika baadhi ya dawa za maji ili kuyeyusha kiambato kisichokubali maji. Mara nyingi dawa ile ile hupatikana kwa umbo jingine, la kidonge kigumu au la maji yasiyo na alkoholi. Mfamasia anayejua kusoma orodha ya viambato anaweza kumtafutia mgonjwa mbadala na kumwomba daktari abadilishe. Asiyejua, mgonjwa wake anaacha dawa kimyakimya nyumbani na hamwambii mtu. Kwa hivyo wewe mwenye swali hili moyoni ndiye tunayemtaka dirishani.

Nina miaka 31 na watoto wawili. Nimechelewa?

Hapana, dada yangu. Tafuta kwanza nani atakaa na watoto wakati wa mafunzo ya hospitali, maana zamu za usiku zipo. Hilo likipangika, ingia.

Sipendi kukaa dirishani kutwa. Famasia ina kazi nyingine hapa visiwani, au lazima niende bara? Na mkopo je? (Kidato cha sita, PCB, Unguja)

Zipo, mdogo wangu, na hii ni sehemu ninayopenda kuieleza.

Kuna bohari. Bohari Kuu ya Dawa iko Maruhubi, na kutoka hapo dawa zinakwenda hospitali na vituo vya Unguja na kuvuka maji hadi Pemba. Mtu wa bohari anahesabu leo dawa itakayohitajika miezi ijayo, akikosea kituo cha kijijini kinakauka. Tena kuna zile zinazotaka baridi: insulini, chanjo nyingi, na oksitosini inayozuia damu kumtoka mama baada ya kujifungua. Zote hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Wakubwa wanakumbuka Disemba 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Wakati kama ule mwenye ufunguo wa friji la dawa halali usingizi. Jenereta, mafuta, barafu, kipimajoto, vyote ni vyake.

Kuna ukaguzi na maabara ZFDA, kupima kama kidonge kina kile kilichoandikwa. Kuna utafiti, Pemba ipo maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, Wawi, tangu mwaka 2000. Na hapo hapo Wawi kuna kiwanda cha mafuta ya makonyo ya karafuu. Ndani ya mafuta yale mna yujenoli, ambayo madaktari wa meno duniani huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Bibi zetu walikuwa wakiweka karafuu kwenye jino linalouma, na kemia imekuja kueleza kwa nini. Natamani sana kumwona kijana wa Pemba akilisomea jambo hili mpaka mwisho, badala ya karafuu kuondoka kwa gunia na kurudi kwetu ndani ya kichupa.

Ukitaka kwenda bara, kumbuka afya si jambo la Muungano. Usajili wa taaluma wa kule ni wa Baraza la Famasi la kule, kwa hivyo kufanya kazi pande zote mbili kuna taratibu mbili. Elimu ya juu ni ya Muungano, ndiyo maana TCU inawahusu wote. Kwa mkopo wa shahada anza na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na cheti cha kuzaliwa kitafute mapema. Kila mwaka naona vijana wanakwama kwa herufi moja ya jina isiyolingana na cheti cha skuli.

Niko kidato cha pili. Nianze na nini leo? (Micheweni)

Kusanya dawa zote zilizomo nyumbani kwenu, uziweke mkekani mbele ya mama. Kwa kila moja tafuta mambo matano: jina la dawa yenyewe, ambalo huwa dogo chini ya jina la kibiashara, nguvu yake kwa miligramu, tarehe ya kumalizika muda, namba ya toleo, na inavyotakiwa kuhifadhiwa. Utashangaa ukikuta maboksi mawili yenye majina tofauti, ndani parasetamoli ile ile, na mtu wa nyumbani akinywa yote mawili kwa siku moja. Kwa mtu mzima parasetamoli haifai kuvuka gramu 4 kwa siku, basi mwambie.

Zilizokwisha muda na zile zisizo na jina zifunge kwenye mfuko mmoja, usizitupe chooni wala jaani watoto wanapocheza. Zipeleke kituo cha afya, mwombe anayetoa dawa azipokee. Akiwa na nafasi, muulize na yeye alianzaje.