Kabla ya Art Shell alikuwapo Fritz Pollard
Ndugu, uliandika kwamba Art Shell, aliyekabidhiwa timu ya Raiders mwaka 1989, ndiye kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa miguu wa Kimarekani; sivyo. Alitanguliwa na Fritz Pollard, mchezaji Mweusi mzaliwa wa Chicago mwaka 1894, mtu wa umbo dogo lakini mwenye mbio kali, ambaye aliisaidia timu ya Akron Pros kutwaa ubingwa wa kwanza wa ligi hiyo (ambayo wakati huo ilikuwa na jina jingine) mwaka 1920, na mwaka uliofuata akawa kocha wa timu hiyo huku akiendelea kucheza. Kuanzia 1934 hadi 1945 ligi haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilichangia sana Pollard kusahauliwa.