Selimundu, Kliniki na Mashindano ya Sayansi: Ushauri kwa Wanafunzi Wenzangu wa Kanda ya Ziwa

Wazazi kadhaa wamewahi kuniuliza niliwezaje kushiriki mashindano ya sayansi huku nikihudhuria kliniki ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, mwaka mzima, na mara nyingi anayeuliza ameshaamua moyoni kwamba mtoto wake aachane na mambo ya maonyesho ili apate kupumzika. Siwalaumu, kwa sababu aliyekesha na mtoto mwenye maumivu ya mifupa hana hamu ya kusikia habari za vikombe na vyeti. Hata hivyo, kwa niliyoyaona, wengi wetu hukwamishwa na mradi uliopangwa kana kwamba aliyeupanga hataugua kamwe. Ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo hilo: panga kazi ambayo itaendelea hata siku ambayo wewe uko kitandani au kwenye foleni ya maabara ya hospitali.

Kishawishi cha kwanza ni kufanya mradi kuhusu ugonjwa wako mwenyewe. Nakushauri usifanye hivyo, angalau ukiwa sekondari. Utafiti unaohusu watu, damu yao au kumbukumbu zao za matibabu unahitaji kibali cha maadili na ridhaa ya maandishi, na kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi lazima ahusishwe, nao muhula mmoja hautoshi kwa taratibu hizo zote. Zaidi ya hapo, jaji akishakuonea huruma hakuulizi maswali magumu, na mimi sioni faida ya kusafiri hadi mashindanoni ili nionewe huruma.

Kama historia ya selimundu ina la kutufundisha, ni namna ya kupata swali. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa maeneo mbalimbali ya nchi hiyo, akaona kwamba wenye vinasaba vya selimundu walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini wachache sana nyanda za juu. Akajiuliza kwa nini hapa wawe wengi na kule wachache. Mwaka 1954 alichapisha jibu lake, kwamba aliyerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana kinasaba hicho hakikupotea katika maeneo yenye mbu wengi. Tazama kwamba swali lake lilitokana na tofauti iliyoonekana kati ya sehemu mbili. Mwanafunzi wa Kirumba, Igombe au Ukerewe, huku Mwanza kando ya ziwa, amezungukwa na tofauti za namna hiyo kila siku.

Mimi na mwenzangu tulichagua dagaa. Mialoni kwetu, yaani ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, wapo wanaoanika dagaa mchangani na wapo wanaowaanika juu ya vichanja vya nyavu, na kila upande una hoja zake. Tulitaka kujua ni njia ipi hukausha haraka zaidi, katika siku ya jua na katika siku ya mawingu. Tulipima mafungu yenye uzito sawa, tukayaanika kwa njia hizo mbili, kisha tukayapima kila saa mpaka uzito ulipoacha kushuka. Kulikuwa na kikwazo kimoja cha kuvutia: dagaa wa mchangani hubeba mchanga, na mchanga una uzito, kwa hiyo mizani ingesema uongo bila mtu yeyote kudanganya. Tuliwatandika juu ya kipande chepesi cha wavu, tukawa tunainua wavu wote na kuutoa uzito wake kwenye hesabu. Jaji aliuliza kama wavu haukubadilisha ukaukaji wenyewe. Lilikuwa swali zuri, nasi tulimjibu kwamba huenda ulibadilisha kidogo, na kwamba hatukuwa na kipimo cha kuthibitisha.

Sababu ya kuchagua jaribio hilo ilikuwa ya kiafya kama ilivyokuwa ya kisayansi. Jaribio la kukausha dagaa huanza asubuhi na kwa kawaida huisha siku hiyo hiyo jua likiwepo. Nikiugua leo, tunaanza upya wiki ijayo, na hakuna kilichoharibika isipokuwa kilo chache za dagaa. Linganisha na mradi wa kuotesha maharage na kuyapima kila siku kwa wiki sita: ukilazwa siku nne katikati, jedwali lako limetoboka mahali ambapo huwezi kuparudia. Pia tuliandika nusu ukurasa wa maelekezo kwa Kiswahili cha kawaida, namna ya kurudisha mizani kwenye sifuri na namna ya kuinua wavu, ili mwenzangu au hata mdogo wake aweze kupima nisipokuwepo. Pale ambapo hakuna aliyepima, acha nafasi wazi na uandike kwamba haikupimwa. Usikisie namba ili jedwali lipendeze.

Kazi ya mwaloni ina hatari zake kwa mtu mwenye selimundu. Jua hukausha maji mwilini na ukosefu wa maji huweza kuamsha maumivu, kama inavyoweza kufanya baridi ya ghafla. Nilikaa kivulini, nikawa nakunywa maji kila nilipoandika kipimo, na sikuingia ziwani hata maji yalipoonekana safi, kwa kuwa kichocho kipo katika fukwe nyingi za ziwa hili na mtu ambaye tayari ana upungufu wa damu hahitaji mzigo mwingine.

Sasa kuhusu kliniki. Wengi huihesabu kuwa siku iliyopotea, nami naona ni darasa ambalo hatulitumii. Ninatumia haidroksiyurea, dawa inayosaidia mwili kutengeneza himoglobini ya kichanga (ile ambayo mtoto huzaliwa nayo) kwa wingi zaidi, lakini huweza kushusha chembe nyeupe za damu, hivyo daktari huagiza kipimo cha damu mara kwa mara na kurekebisha dozi kwa kufuata majibu na uzito wangu. Nilipouliza kwa nini himoglobini ya gramu 8 kwa desilita, ambayo ni ndogo kwa mtu asiye na selimundu, haikumtisha, alinieleza kwamba watu wenye selimundu wana viwango vyao vya kawaida, na kwamba anachotafuta ni mabadiliko kutoka kwenye kiwango changu mwenyewe. Somo hilo lilihamia moja kwa moja kwenye dagaa: kila fungu tulililinganisha na uzito wake wa mwanzo, tukaandika upungufu kwa asilimia. Andika maswali yako kabla ya kwenda. Daktari mwenye wagonjwa wengi atajibu kwa urahisi zaidi swali lililo tayari kwenye karatasi kuliko swali unalolitafuta ukiwa mlangoni.

Waambie watu wanaohusika, yaani mwalimu wa mradi, matroni au patroni, na mwenzako. Si lazima shule nzima ijue. Mimi nilimpelekea mwalimu tarehe zangu za kliniki mwanzoni mwa muhula, nikamwambia, “Mwalimu, siku hizi sitakuwepo, mwenzangu ndiye atakayepima,” naye akajibu, “Sawa mwanangu, nitakuwa naye mwaloni.” Hayo yalitosha. Kwa wanaotoka Sengerema na Geita, kupanga kumekuwa rahisi kidogo tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, kwa sababu safari ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, haitegemei tena zamu ya kivuko. Wa Ukerewe bado inawapasa kuhesabu muda wa majini.

Safari ya fainali ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa. Mashindano ya Young Scientists Tanzania, ya kitaifa ya sayansi kwa wanafunzi wa sekondari, yamekuwa yakifanyikia Dar es Salaam, na kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Abiria wengi hujizuia kunywa maji ili wasimsumbue dereva kwa kuomba kuchimba dawa. Wewe usifanye hivyo. Mwalimu amwambie kondakta mapema, na unywe maji yako. Dawa zikae kwenye mkoba unaoushika mkononi, pamoja na kadi ya kliniki, kadi ya bima na barua fupi ya daktari, wala zisiwekwe kwenye buti la basi. Beba sweta hata kama unakwenda Dar, kwa maana viyoyozi vya kumbini ni vikali kuliko upepo wa asubuhi wa ziwani. Mkubaliane kabla ya kuondoka ni hospitali ipi mtakimbilia, na kwamba joto la mwili likifika nyuzi 38 hakuna kusubiri mpaka majaji wapite. Siku ya maonyesho omba kiti mapema, mgawane na mwenzako zamu za kusimama mezani, na kila mmoja ajue kuueleza mradi wote peke yake.