Protini zimekosekana kwenye uvimbe: habari mbaya?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba amepasuliwa saratani ya utumbo mpana, hatua ya pili. Ripoti inasema MLH1 na PMS2 hazionekani. Je, ni hatari zaidi? Na sisi watoto wake?

JIBU: Marahaba. Kwa hatua ya pili, mara nyingi ni habari njema. Protini hizo, pamoja na MSH2 na MSH6, husahihisha makosa seli inaponakili DNA. Zikikosekana, uvimbe hujaa makosa na kinga ya mwili huutambua kwa urahisi, hivyo uwezekano wa kurudi hupungua. Ila wagonjwa wa aina hii hawanufaiki na fluorourasili (dawa ya kemotherapi) ikitolewa peke yake. Mkiandikiwa, ulizeni kwanza.

Kuhusu watoto, ombeni uvimbe uleule upimwe BRAF V600E, yaani badiliko fulani katika jeni ya BRAF. Ikionekana, karibu kila mara ugonjwa si wa kurithi. Isipoonekana, hupimwa kama jeni ya MLH1 imezimwa kwa metilesheni (alama za kemikali zinazobandikwa kwenye DNA). Kama haikuzimwa, baba apimwe damu kutafuta sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani ya utumbo. (Saratani ikishasambaa, V600E hiyohiyo huwa dalili mbaya.)

Vipimo vya jeni za KRAS na NRAS viacheni kwa sasa. Hupimwa ugonjwa ukisambaa: zikiwa na mabadiliko, kwa kawaida dawa za cetuximab na panitumumab hazitumiki, isipokuwa kwa badiliko la KRAS G12C, ambapo huweza kuunganishwa na dawa inayolilenga.

Jambo moja huharibu vipimo hivi: uhifadhi wa nyama iliyokatwa. Inatakiwa fomalini ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali inayozuia isiwe na asidi), saa 6 hadi 72. Ikikaa wiki nzima, DNA hukatikakatika na majibu huenda yasisomeke.