Masasisho Yamekwama Njiani: Maswali na Majibu

Majibu haya yanawahusu wenye kompyuta za nyumbani zinazotumia mifumo ya Linux ya Ubuntu, Debian na jamaa zake. Amri zote ni za kuandika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri.

Umeme ulikatika kompyuta ikisasishwa. Sasa kila programu ninayotaka kuweka inakataliwa, naambiwa dpkg ilikatizwa. Niweke mfumo upya?

La, usifute kitu. Kila kifurushi, yaani programu iliyofungashwa tayari kuwekwa, hupita hatua mbili: mafaili yake hufunguliwa na kuwekwa mahali pake, kisha husanidiwa, yaani huandaliwa kifanye kazi. Umeme umekukatia katikati, hivyo baadhi ya vifurushi vimefunguliwa bila kusanidiwa. Bahati nzuri dpkg, programu inayoweka vifurushi, ina daftari lake, faili la /var/lib/dpkg/status, linaloonyesha kila kifurushi kilipofikia. Andika:

sudo dpkg --configure -a

Itamalizia viporo vyake. Ikilalamika kwamba kifurushi fulani kinakosa kingine ambacho bila hicho hakiwezi kufanya kazi, fuatisha na:

sudo apt --fix-broken install

Hapo apt, programu inayopakua vifurushi na kuiagiza dpkg iviweke, itakuonyesha inachotaka kuongeza na kuondoa. Isome orodha ya kuondoa mpaka mwisho kabla ya kukubali! Ukikuta humo eneo-kazi lako lote, kataa, kisha uchunguze kwanza ni kifurushi gani kinachogombana na wenzake. Kumbukumbu ya yaliyofanyika ipo kwenye /var/log/apt/history.log.

Naambiwa kufuli la /var/lib/dpkg/lock-frontend limeshikwa. Rafiki kanishauri nilifute faili hilo.

Rafiki yako ana haraka. Kufuli limeshikwa kwa sababu kuna programu nyingine inayoshughulikia vifurushi, mara nyingi unattended-upgrades, ambayo husasisha kimyakimya. Ukilifuta faili, hiyo programu haisimami. Sasa mtakuwa wawili mnaoandika kwenye daftari moja. Ujumbe wa kosa kwa kawaida hutaja namba ya mchakato husika, kwa hiyo utazame kwa ps -p na namba hiyo, kisha usubiri. Mchakato ukiisha, kufuli huachiwa lenyewe hata kama faili bado lipo.

Masasisho yanagoma kwa kuwa /boot imejaa.

/boot ndiyo sehemu yenye mafaili ya kuwashia mfumo, na kilichoijaza ni kerneli (viini vya mfumo) za zamani zilizorundikana. Hakikisha kwa df -h /boot, kisha:

sudo apt autoremove --purge

Usizifute kwa mkono kwa rm, maana dpkg itaendelea kuamini zipo. Kama apt yenyewe imegoma kwa kukosa nafasi, hamishia kwingine kwa muda faili moja la initrd.img (faili la kusaidia kerneli kuwaka) la kerneli ya zamani, lakini si ile inayotajwa na uname -r, maana hiyo ndiyo unayoitumia sasa. Kisha rudia.

Kuna vifurushi vichache apt inaviacha nyuma kila nikisasisha. Ni hitilafu?

Kwenye Ubuntu mara nyingi si hitilafu: masasisho hutolewa kwa awamu, na zamu yako haijafika. Pia angalia apt-mark showhold, huenda kuna kifurushi ulichokizuia mwenyewe ukasahau.

Kifurushi kimoja kinataka kuandika juu ya faili la kifurushi kingine. Nilazimishe kwa --force-overwrite?

Kwanza tazama ndani ya /etc/apt/sources.list.d/. Ugomvi wa aina hii mara nyingi huletwa na hazina ya nje, yaani ghala la vifurushi lisilo rasmi, uliyoiongeza zamani. Kama ni PPA (hazina ya nje ya Ubuntu inayotunzwa na mtu au kikundi), programu ya ppa-purge huizima na kurudisha vifurushi kwenye matoleo rasmi. Kulazimisha nakuachia pale tu unapojua faili ni la nani, na kwamba mwenzake hatalihitaji.