Jibu: Kucheza taarab na video za harusi kutoka hifadhi ya mtandaoni

Ndugu, umeuliza kama GB 300 za taarab na video za harusi ukizipandisha mtandaoni utazicheza kwenye simu bila kuzipakua kwanza. Inawezekana, mimi ndivyo ninavyofanya.

Angalia kwanza gharama ya kutoa data (data hutoka kwenye hifadhi kila mtu anapotazama), kwani ya kuhifadhi ni ndogo. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Amazon S3, mojawapo ya hifadhi za mtandaoni, huruhusu kutoa GB 100 bure kila mwezi, kisha katika vituo vyake vingi vya Marekani hutoza takriban senti 9 za dola kwa GB. Ukoo mzima ukianza kutazama harusi ya dada kila wikiendi, bili itapanda. Cloudflare R2, hifadhi nyingine ya aina hiyo, haitozi utoaji. Backblaze B2, nayo hifadhi, huruhusu utoaji bure kila mwezi hadi mara tatu ya ulichohifadhi.

Kisha weka rclone, programu ya kuunganisha kompyuta na hifadhi za mtandaoni, kwenye kompyuta ya nyumbani, ionyeshe hifadhi hiyo kama folda ya kawaida, washa kache yake (nafasi ya kuweka kwa muda data iliyosomwa), na Jellyfin, programu ya kurusha video na muziki hadi kwenye simu, isome humo. Zima utengenezaji wa vijipicha vya kuruka ndani ya video, maana husoma faili zote mwanzo hadi mwisho na kula data.

MP4 ikichelewa kuanza, mara nyingi faharasa yake (orodha ya mahali zilipo sehemu za video) iko mwishoni mwa faili. Ihamishie mwanzoni kwa ffmpeg, programu ya kuchakata video: `-c copy -movflags +faststart`. Ubora wa picha haubadiliki.

Tafadhali usiifungue hifadhi kwa umma. Walio kwenye video hizo ni mama zako na shangazi zako. Na nakala iliyo kwenye diski usiifute.