Usiandike lebo kabla ya kuchukua damu

Mkuu, hilo la kuandika lebo asubuhi liache. Liache kabisa. Najua umeuliza pia kuhusu kupima presha na kupanga foleni, lakini ushauri wa huyo mkongwe wenu, eti uandike majina kwenye chupa zote mapema ili wagonjwa wakifika kazi yako iwe kuchoma tu, ndio ulionikosesha usingizi.

Nami nilipoanza kazi ya usaidizi wa tabibu nilifundishwa hivyohivyo. Siku moja wakaja akina mama wawili wa jina moja. Nikaita, akaitika asiye mwenyewe, damu yake ikaingia kwenye chupa ya mwenzake, na ya mwenzake kwenye yake. Maabara haiwezi kujua: damu haina sura, wao wanasoma lebo. Mzima akaitwa arudi haraka aongezewe damu, na aliyepungukiwa kweli akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kilichowaokoa ni sampuli ya pili iliyochukuliwa kabla ya kuongeza damu, majibu yakagongana. Damu ya kundi lisilopatana inaua, mkuu, na huanza na kosa dogo kama hilo. Na yule aliyenifundisha? Alinikaripia mbele ya watu kwamba siko makini. Kuhusu mafunzo yake, kimya. Hadi leo sijamsamehe.

Damu kwanza, lebo baadaye, mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yako. Usimuulize "Wewe ni fulani?" Mgonjwa mwenye hofu, au asiyesikia vizuri, ataitikia chochote. Muulize, "Jina lako kamili ni nani? Ulizaliwa lini?" Ataje mwenyewe, wewe ulinganishe na fomu. Kisha andika jina, tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili, tarehe na saa ya kuchukua, na herufi za kwanza za jina lako. Asinyanyuke kabla hujamaliza. Simu ikiita, iite. Ukikuta kwenye trei chupa yenye damu isiyo na lebo, itupe uchukue nyingine, hata kama unaapa unajua ni ya nani. Mgonjwa atanung'unika kuchomwa tena, anung'unike.

Na chupa ya kifuniko cha zambarau ikijaa kupita kiasi, usimimine ziada kwenye chupa ya rangi nyingine. EDTA iliyomo, dawa ya kuzuia damu isigande, ina potasiamu na hunasa kalsiamu: majibu yatatoka potasiamu iko juu na kalsiamu iko chini, daktari ahangaike kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Presha: apumzike dakika 5, nyayo zikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee. Kitambaa cha kipimo kinachofungwa mkononi kikiwa kidogo kuliko mkono, namba zitapanda bure.

Ukiingia kazini ukakuta trei imeshapangwa chupa zenye majina, ziweke pembeni uchukue tupu. Mkongwe akikuuliza kwa nini unachelewesha watu, mwambie akuandikie hiyo amri yake na aweke sahihi. Wangu nilipomwomba hivyo, hakuigusa kalamu.